Mnyasa Usiopigiwa Hodi

Sogeeni. Leo ninawatwika mzigo ambao mimi mwenyewe nimeshindwa kuutua.

Kule milimani Usambara, kijiji cha Kwemzinga, Bi Namvua alikuwa na watoto watatu. Mkunde alijaliwa masikio: ndege akilia ng'ambo ya bonde, atakwambia ni yupi na ana shida gani. Titu alijaliwa miguu. Hakuna mti wala jabali lililomshinda. Hoza, mkubwa wao, alijaliwa mikono, na akishika shoka gogo humtii. Hadithi hii ni ya Hoza, maana majuto ni yake.

Zamani Kwemzinga hawakupanda maharage mpaka hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa, alie. Ndege hao walikuwa wengi, wakipita juu ya mapaa kwa kishindo cha mabawa. Kisha joto likazidi bondeni, ndege wakapanda mlima kutafuta ubaridi. Wakulima nao, mahindi yao yalipokauka, wakapanda na majembe kutafuta ubaridi huo huo. Wakakutana juu, na juu ya kilele hakuna pa kwenda. Ukabaki msitu mdogo wa Bi Namvua, na jozi moja tu ya hondohondo.

Mwaka huo Hoza alitaka kupanua bustani yake ya kabichi.

"Mama, nikate mti mmoja tu wa mnyasa."

Mama akanyamaza, na Hoza akakichukua kimya kile kuwa ruhusa. Sasa, wazee wa huko walikuwa na desturi: kabla ya kukata mti mkubwa, unaupigia hodi. Unagonga shina kwa mpini, unasikiliza. Hondohondo jike anapolea hujifungia ndani ya mti kwa udongo, akaacha upenyo mwembamba wa dume kumpitishia matunda. Hoza aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Lakini miche ya kabichi ilikuwa inanyauka ikingoja kupandwa, naye hakupiga hodi.

Mti ukaanguka. Mkunde akaacha ndoo kisimani, akaja mbio.

"Kaka, kuna mtu humo ndani!"

"Mtu gani?"

"Kifaranga. Analia."

Hoza hakusikia kitu. Mkunde akalaza sikio kwenye gogo, akasogea, akasogea tena. "Hapa." Bila yeye, gogo lile lingepasuliwa mbao na kifaranga humo humo.

Hoza akachonga pale taratibu. Jike alikuwa amekufa, na kifaranga alikuwa mzima chini ya bawa lake. Majuto ni mjukuu, wenzangu, ila huyu alizaliwa siku hiyo hiyo. Hoza alilia mbele ya wadogo zake bila haya. Kisha akakata kipande cha gogo lile lile, akakichimba kama mzinga wa nyuki, akamweka kifaranga ndani, akakandika mlango kwa udongo na kuacha upenyo. Bila yeye, kifaranga angelala wapi?

Dume alikuwa akizunguka angani na tunda mdomoni, hajui alipeleke wapi. Chini hatui. Titu akajifunga kamba, akaubeba mzinga mgongoni, akapanda mnyasa mwingine uliobaki huku mvua ikimchapa, akaufunga juu kabisa. Alishuka viganja vimechunika. Kesho yake dume akatua, akalisha.

Kifaranga alipotoka na kuruka, Bi Namvua akawaita wanawe.

"Ninazeeka. Msitu huu ukigawanywa mara tatu si msitu tena. Ninamkabidhi mmoja, aliyemwokoa ndege."

"Nisingesikia mimi, gogo lingepasuliwa mbao," alisema Mkunde.

"Na nisingepanda mimi, angekufa njaa," alisema Titu.

Hoza akainama. "Mimi msinihesabu, mama. Nimeokoa nilichobomoa."

Bi Namvua akamtazama sana. "Lakini kati yenu watatu, mwanangu, ni wewe tu ambaye hutasahau tena kupiga hodi."

Wakabishana, hawakuafikiana. Msimu wa maharage ulipofika, yule mtoto wa hondohondo, aliyekuwa dume kama baba yake, akaita kutoka kileleni. Mkunde akasikiliza bonde hadi bonde.

"Vipi?" Hoza akamuuliza.

"Hakuna jike aliyemwitikia, kaka."

Je, wewe ungeamua vipi? Msitu apewe mwenye masikio, mwenye miguu, au mwenye shoka? Na huyo utakayempa, atamjibu nini ndege anayeita?