Aliyefunikwa Kanga

Mwanamke mmoja, Siwema, alikuwa na mume fundi cherehani na nyumba ya vyumba viwili. Asubuhi moja alikwenda kusaga mahindi mashineni. Huku nyuma wezi wakaingia, wakampiga mumewe, Kibwana, rungu la kichwa, wakachukua cherehani wakaenda zao.

Jirani wa kwanza alimkuta sakafuni, hana shati, damu imemtapakaa. Akaona haya kwa ajili yake. Akavuta kanga kambani, akamfunika gubigubi, akakimbilia polisi. Alitaka kumsitiri tu. Lakini jirani wa pili alikuta mtu amefunikwa kanga, akashika kichwa. Wa tatu alimkuta wa pili analia. Kufika saa tatu, ua wote ulikuwa umejaa watu.

"Inama basi wewe mrefu, na sisi tuone," alisema mmoja nyuma.

"Uone nini? Kanga tu."

Wengine walikwisha kuanza kuulizana atazikwa saa ngapi.

Siwema aliporudi na ndoo ya unga kichwani, walimpisha njia, wameinamisha vichwa. Akaelewa kabla ya kuambiwa. Ndoo ikaanguka. Wanawake wawili wakamshika mikono, wakamwambia asitazame, amkumbuke alivyokuwa. Naye alikaribia kutii, kwani watu wote wale wangekoseaje? Lakini moyo wake ulikataa. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Nani kati yenu amemgusa?"

Wakatazamana.

Siwema akajichomoa mikononi mwao, akaingia, akapiga magoti. Akapitisha mkono chini ya kanga hadi akavipata vidole vya mumewe. Vilikuwa na joto. Akavishika, navyo vikamshika. Alipomfunua uso, Kibwana akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeopolewa majini.

Wale wale waliokuwa wakisukumana kuchungulia ndio waliombeba mbio mpaka zahanati. Siku ya tatu alikuwa ameketi kitandani anakunywa uji, akiilalamikia cherehani yake. Alilalamika kutwa nzima, na Siwema akamsikiliza kutwa nzima, wala hakuchoka.

Je, wewe nawe, ni nani uliyekwisha kumlilia bila kumshika mkono?