Mguu wa Jeneza

Ndugu zangu, sogeeni mbele kidogo, na walio juani wapate kivuli. Nina kisa, wala si kirefu.

Palikuwa na fundi seremala mmoja, hodari wa mikono na hodari zaidi wa inshallah. Siku moja mwadhini alimfuata karakanani kwake, akamweleza kuwa jeneza la msikiti limelegea mguu. Maiti akiwekwa mbele ya safu, inabidi watie tofali chini ya mguu huo. Fundi akaweka mkono kifuani, akaahidi Ijumaa, inshallah. Ijumaa ikapita, akaahidi nyingine, mpaka zikafika tisa. Kila akikumbushwa anacheka: kwani nani ana haraka nalo?

Mnacheka. Nani kati yetu hana Ijumaa zake tisa?

Basi fundi akashikwa na homa ya kutetemesha kitanda. Chini ya mablanketi mawili hakuwaza watoto wala mirathi. Alijiona yumo ndani ya jeneza lile, kichwa chini, miguu juu, na mji mzima umepanga safu ukitazama kazi ya fundi hodari. Wallahi aliogopa. Akamwita mkewe.

"Mama Rukia, niletee msumeno. Na mtu akamwambie mwadhini alete jeneza hapa uani."

"Baba Rukia, unaumwa. Si uliwaambia Ijumaa?"

"Leo."

Likaletwa. Fundi akakaa mkekani, shuka begani, meno yanagongana, akachonga mguu, akatia gundi, akapigilia misumari minne. Alipomaliza, chai aliyowekewa na mkewe ilikuwa bado ya moto. Mwadhini akabaki ameshika kidevu.

Siku ya tatu homa ikashuka, fundi akaja msikitini kwa miguu yake. Mwadhini akamshukuru sana kwa kutimiza ahadi. Fundi akainamisha kichwa.

"Usinishukuru, sheikh. Huo mguu nimejitengenezea mwenyewe. Niliowaahidi ni wale maiti watatu mliowatilia tofali mkiningoja."

Je, sisi tunawatilia tofali wangapi? Inshallah ni neno la mtu aliyekwisha kushika msumeno, sisi tumeligeuza mkeka wa kulalia. Mama uliyemwambia utakwenda kumwona, mke uliyemwahidi safari ya kwao, jirani anayengojea ngazi yake tangu Ramadhani. Tutaulizwa, na kazi yenyewe haipozi kikombe cha chai. Tukitoka hapa, kila mmoja amwendee mtu wake, maadamu yupo wa kumfungulia mlango.