Pete ya Rumi na Furungu la Biarusi

Kwa jina la Mola, aliyeificha fedha tumboni mwa mlima na kuliweka neno kifuani mwa mwanadamu. Hadithi hii nimeipokea kwa nyanya yangu, Bi Mize, naye aliipokea kwa baba yake, na baba yake alikuwa sonara.

Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale, katika mji wa Mkunguni, palikuwa na sonara jina lake Shekuwe. Siku moja mjane Bi Tumu akamjia na pete ya fedha iliyofukuliwa walipochimba kisima. Ilikuwa pete ya Warumi, watu wa enzi ya makaisari, na juu yake zilichorwa herufi ambazo hakuna mtu mjini aliyezijua.

"Iyeyushe," akasema Bi Tumu. "Kesho mwanangu Mwanashungi anaolewa, na fedha ya furungu la mguu wa pili haijatosha. Atoke na furungu moja kama kuku aliyefungwa?"

Lakini masonara wa Mkunguni walikuwa na ada yao. Pambo lenye maandishi haliingii motoni mpaka liitwe mara tatu, ili mwenyewe, akiwapo, alidai. Shekuwe akavukuta moto, akaita:

"Ewe pete, wa nani wewe?"

Pete ikatetemeka kiganjani mwake, ikajibu: "Wa mlima. Nililala gizani kabla miji haijajengwa, hata mchimbaji akaniamsha kwa nyundo."

"Babu, pete ilisema?"

Ilisema, mjukuu wangu. Kila kilichoumbwa humsabihi Muumba wake. Masikio yetu ndiyo mazito.

Bi Tumu akashika kiuno. "Weye Shekuwe, waita pete kama mwalimu aitaye watoto chuoni! Jua lakuchwa."

"Ada ni ada, Bi Tumu. Subiri."

Akavukuta moto, akaita: "Ewe pete, wa nani wewe?"

"Wa mkono uliokuwa mkono. Moto wa kwanza ulinifanya kikombe. Moto wa pili ukanifanya pete. Mke mmoja wa Rumi akamvika mumewe siku ya safari. Mume akafia ugenini, kwenye pwani hii. Mkono wake ukawa mchanga, nami nikabaki."

Bi Tumu akaketi chini. Mumewe naye alifia ugenini.

"Basi usiiyeyushe," akasema kwa sauti ndogo. "Mwanangu atatoka na furungu moja. Wacheke wanaocheka."

"Bado mwito mmoja," akasema Shekuwe. Akavukuta moto, akaita: "Ewe pete, wa nani wewe?"

"Wa neno nililochorwa. Moto siuogopi, nimeupita mara mbili, na fedha ni ile ile. Litakalokufa ni neno. Nalo lasema: Itumie kwa heri. Ndiyo dua ya mke yule, na tangu mumewe azikwe hakuna aliyeisoma."

"Ikachomwa, babu?"

Sikilizeni. Shekuwe aliikandamiza pete katika udongo laini wa kalibu, chombo cha kumiminia fedha ipate umbo la furungu, mpaka herufi zote zikaacha alama zake humo. Ndipo akaitia kijunguni pamoja na fedha iliyokuwako. Ikayeyuka, ikang'aa hata Shekuwe akafumba macho. Akaimimina katika kalibu. Ilipopoa akaupasua udongo, na tazama! Furungu limetimia, na ubavuni mwake zimo herufi zile zile. Hata moja haikupotea.

Kesho yake Mwanashungi akatoka. Kila alipopiga hatua mafurungu yalilia, na Bi Tumu akasikia ndani ya mlio ule sauti ya mwanamke wa mbali, aliyekufa kale, ikimwombea Mwanashungi. Akainama mbele za watu, akaligusa furungu, akalia.

Funzo lake, wajukuu: fedha hupita motoni ikageuka umbo, nasi tutageuka. Dua njema msiiache iungue.

Hapa ndipo hadithi yangu inapotua. Nanyi mliosikiliza, macho yenu, masikio yenu na umri aliowapa Mola, vitumieni kwa heri.