Suti Haidaki Penalti

"Suti haidaki penalti." Juzi mlimsikia mama muuza maandazi akimwambia diwani hivyo, mkacheka, na leo mmekuja kuniuliza neno hilo limetoka wapi. Kaeni. Mimi darasa la nne sikumaliza, lakini hili nililiona kwa macho yangu, na chanzo chake ni hiki.

Nilikuwa mfua jezi wa timu ya taifa ya vijana. Timu yetu ilishakwenda mashindano ya nje mara kadhaa, na kila mara ilirudi bila kushinda hata mechi moja. Nchi nyingine zikipangwa kundi moja nasi, zilikuwa zikipongezana. Safari ile vijana waliapa. Nahodha wao, Ambakisye, beki mfupi mwenye miguu kama mchi, hakuwa na hadithi nyingine.

"Hata moja tu, Mzee," aliniambia. "Nisije nikazeeka naulizwa niliifanyia nini nchi, nikaishia kukohoa."

Sasa wenyeji wa mashindano walilipia watu wa idadi maalumu, hazidi mtu. Siku ya kuondoka, mwenyekiti wa msafara akatokea uwanja wa ndege na shemeji yake, naye kashonewa suti kama wakubwa wa msafara, kapewa cheo cha mshauri. Mshauri wa nini, mpaka leo sijui. Ili apate nafasi, akaondolewa Malimi, kipa wa pili.

"Kipa hucheza mmoja," mwenyekiti alisema. "Huyu anakwenda kukaa tu."

Kocha Hinju alipopinga, akaambiwa kama hataki, abaki na Malimi wake. Ndivyo walivyo hao. Malimi akarudi kwao analia, begi begani.

Mechi ya kwanza tulifungwa. Ya pili tukapata bao, tukalilinda kama mboga ya mwisho chunguni. Mpira unakaribia kwisha, mshambuliaji wao akabaki peke yake na kipa wetu, Maulidi. Maulidi akamvaa miguuni. Refa akaonyesha penalti, na Maulidi hakuinuka. Bega limetoka.

Mwenyekiti akashuka jukwaani mbio, shemeji nyuma yake, mpaka kwenye benchi letu. "Kocha, ingiza kipa wa pili!"

Kocha akamtazama. "Yupi, mheshimiwa? Malimi yuko kwao. Nafasi yake kakaa shemeji."

Winga mmoja akapaza sauti kutoka benchi: "Basi mvalisheni shemeji glavu! Si mshauri? Aushauri mpira usiingie!"

Shemeji akarudi nyuma, kashika tai.

"Acheni utani." Alikuwa Ambakisye, amekuja pembeni anahema. "Suti haidaki penalti. Mzee, nipe glavu."

"Mwanangu, hujawahi kudaka."

"Na hatujawahi kushinda. Nipe."

Nikampa, na jezi ya kipa ikamfika magotini. Akaenda akasimama katikati ya goli.

Mpigaji alimwona mfupi, tena siyo kipa, akajua huyu ataruka tu hovyo. Akapiga katikati kwa nguvu zote. Ambakisye hakuruka. Mpira ukamgonga kifuani, ukaanguka, naye akaulalia kama mwizi aliyefumaniwa kakumbatia kuku. Wakamkanyaga, hakuachia. Mpaka filimbi ya mwisho tulikuwa tunaongoza.

Mwenyekiti huyo, mbio uwanjani, amkumbatie kijana mbele ya kamera! Ambakisye akavua glavu, akamwekea mkononi.

"Mheshimiwa, mimi ni beki. Mechi ya Ijumaa nataka kucheza nafasi yangu. Mlete Malimi."

Kamera zote zinamtazama, mwenyekiti akakubali palepale. Maulidi ameumia, sheria iliruhusu kipa mwingine aitwe. Malimi aliletwa, shemeji akarudishwa. Msidhani waliona aibu; waliona kamera.

Ijumaa tulitolewa, sawa. Lakini kwenye rekodi ya vijana wetu ushindi ule upo, na hakuna mkubwa wa kuufuta.

Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia, "Baba Tabu, kinyongo na wakubwa kitakuua." Kafa yeye, na wale bado wanashona suti. Lakini neno lilitoka uwanjani likaingia sokoni, na sasa limefika kwenu. Basi mkiona anayejua kazi anatolewa ili mkubwa apate pa kukaa, msinung'unike pembeni kama nilivyozoea mimi. Simameni mumwambie usoni: suti haidaki penalti.