Paneli za Mzee Mhina

Ukiisoma hii usiishie kucheka peke yako. Mtumie na yule ndugu yako ambaye hajawahi kukosea.

Mzee Mhina alikuwa na kompyuta ya zamani, kubwa kama friji, ya kwanza kabisa kuingia katika chuo alichofanyia kazi ujanani. Chuo kilipoitupa stoo yeye akaiomba, akaiweka barazani kwake, akaifufua waya kwa waya mpaka ikawaka. Zilikosekana paneli mbili tu za ubavuni. Za asili zilishapotea, pengine zimeezekea banda la kuku la mtu.

Mkuu mpya wa chuo alifurahi kusikia mashine imepona. Akasema Jumamosi ataiweka ukumbini wageni waione, ila kwa sharti moja.

"Ikija na nyaya nje namna hii, mzee wangu, naipeleka kwa watu wa vyuma chakavu. Hapa kuna watoto wa watu."

Basi Mzee Mhina akapima fremu, akampa vipimo Hiza, fundi bati wa pale sokoni.

Hiza akaleta paneli ya kwanza. Haikuingia. Ukiibana juu, chini inaachama. Ukiibana chini, juu inatoka. Mzee Mhina akachukua mkasi wa bati, akaipunguza kona moja, ikaachama nyingine. Akaipunguza na hiyo. Mwishowe ikawa haifai hata kufunikia sufuria.

Akaagiza nyingine ya ubavu ule ule, mambo yakawa yale yale, na mkasi ukafanya kazi yake.

"Hiza, hivi pembe mraba unaijua, au unaisikia tu?"

"Mzee, nimekata kama ulivyoniambia. Labda..."

"Labda nini? Paneli umetengeneza wewe, kosa liwe la nani?"

Ijumaa ikaletwa ya tatu. Nayo ikagoma. Hapo Mzee Mhina uvumilivu ukamwishia. Akaenda mpaka sokoni, akasimama mbele ya wateja na kumwita Hiza fundi wa makopo. Hiza naye si mtu wa kumezea maneno. Akatupa nyundo chini.

"Mzee, kuanzia leo tusijuane!"

Watu walicheka. Wengine walibeba sufuria zao wakaondoka.

Mzee Mhina alirudi nyumbani akihema kwa hasira. Alikuwa amechoka na bati, amechoka na Hiza, amechoka na kompyuta yenyewe. Kesho ndiyo Jumamosi. Akaishika ile paneli ya tatu, akafungua mkasi.

Mkewe, Bi Mwanahawa, akatokea na kikombe cha chai. Baraza lilikuwa limejaa vipande vya bati, hapana pa kuweka kitu. Akakiweka juu ya kompyuta.

"Mama Salma! Chai juu ya mashine?"

"Niiweke wapi, kichwani kwako? Na hapa penyewe hapakai. Tazama, inamwagika."

Mzee Mhina akatazama. Chai ilikuwa imefurika ukingo wa upande mmoja, inachuruzika. Ukingo wa upande wa pili ulikuwa mkavu.

Baraza lile lilijengwa kwa mteremko ili maji ya mvua yatoke. Kompyuta ilikuwa imesimama kwenye mteremko huo miezi yote, na fremu, kwa kuwa haikuwa na paneli za kuishikilia, ilikuwa imelala upande kidogo kidogo. Akatafuta kipande cha ubao, akakipima kwa jicho, akachonga vipande, akaviingiza chini ya miguu ya upande wa bondeni, akaisukuma fremu mpaka ikasimama wima. Kisha akajaribu paneli. Iliingia bila hata kupigwa konde.

Akaketi chini. Zile mbili alizozikatakata hazikuwa na kosa lolote. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Na ubavu wa pili wa kompyuta bado ulikuwa wazi.

Alimkuta Hiza anafunga banda.

"Umekuja kumalizia matusi?"

"Nimekuja kuomba radhi, mwanangu. Kazi yako ilikuwa sawa. Kilichopinda kilikuwa changu."

Hiza akafungua tena mlango wa banda.

"Paneli nitakukatia sasa hivi, mzee. Lakini uliponitukana soko lilikuwa limejaa. Radhi unaniletea watu wameshaondoka?"

Jumamosi asubuhi kompyuta ilikuwa ukumbini, imefungwa pande zote, na wageni wanamsubiri mwenyewe aje aiwashe. Mzee Mhina alikuwa sokoni, katika suti yake, amesimama palepale aliposimama jana, anapaza sauti mpaka wauza nyanya wakageuka.

"Jamani, nilimwita Hiza fundi wa makopo. Nilisema uongo. Bati lake lilikuwa sawa, mashine yangu ndiyo ilikuwa imekaa upande!"

"Na sisi tuliokwishapeleka sufuria zetu kwingine?" akauliza mama mmoja.

"Kazichukueni," akasema Mzee Mhina, "mzirudishe kwa Hiza."

Funzo: Kabla hujamkatakata mtu kwa sababu haingii mahali pako, awe mkwe, mfanyakazi mpya au mtoto wako mwenyewe, angalia kwanza wewe umesimama wapi. Na uliyemvunjia heshima mbele ya watu, usiende kumwomba radhi kwa siri.