Medali ya Ukimya

Wewe hapo, hebu nijibu kwanza: ukisifiwa mbele za watu kwa jambo ambalo hukulifanya, utasema? Usiharakishe. Anselme Garrec naye alidhani angesema.

Walikuwako watu watatu mjini Paris, enzi ambazo filamu ndio kwanza zimejifunza kuzungumza. Anselme alikuwa mtunzi wa tamthilia, na kipaji chake kilikuwa maneno. Wahusika wake hawakuaga bila kuhutubia. Odile Vassal alikuwa mwigizaji, na kipaji chake kilikuwa uso. Hata aliyekaa kiti cha nyuma kabisa aliusoma bila miwani. Kumbukumbu ndiyo hakujaliwa. Berthe alikuwa mhariri wa filamu, na kipaji chake kilikuwa mkasi. Alichoka upesi, na alipochoka alikata.

Anselme alikuwa ametamba sana huko nyuma. Kisha tamthilia zake zikaanza kuanguka, na wenye kumbi za maonyesho wakawa wakimwona wanavuka barabara kumkwepa. Akabakiwa na nafasi moja: kuigeuza tamthilia yake ya zamani iwe filamu. Ikibuma, arudi kwao Brittany akauze siagi na shemeji yake. Shemeji alikuwa ameshamtengea aproni.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki: askari aliyedhaniwa kafa vitani anarudi nyumbani na kumkuta mkewe mezani. Hapo Anselme alimwandikia mke hotuba ya kurasa mbili: lawama, machozi, msamaha, halafu lawama tena. Chini kabisa akaongeza, kama mtu anayezima taa akitoka: "Anamvutia kiti." Wazo la kiti hicho alilipata kwa mama yake mzazi, ambaye hakujua kumsamehe mtu kwa njia nyingine.

Ikafika siku ya kupiga picha. Odile, aliyeigiza mke, akafungua mdomo, na maneno yasije. Sasa, katika kumbi za maonyesho za Paris, mbele ya jukwaa palikuwa na kishimo, na ndani yake alikaa mtu mwenye kitabu, kazi yake kumnong'onezea mwigizaji aliyesahau. Kishimo hicho kilikuwa kimemwokoa Odile ujana wake wote. Basi akafanya alichozoea: akateremsha macho sakafuni, akangoja. Studio haina kishimo. Akazidi kungoja. Midomo ikamtetemeka, akamwinulia macho yule mwanamume mlangoni, na kwa kuwa kitu pekee alichokikumbuka kilikuwa kiti, akakivuta.

"Imeharibika!" akafoka mwongozaji. "Tunarudia!"

Wakarudia. Safari hii hotuba ikatoka yote, bila kosa.

Picha zote mbili zikafika kwa Berthe, zimeshawekwa alama: hii ya kutumia, hii ya kutupa. Akaitazama ya kutumia, akapiga miayo. Akaitazama ya kutupa, mkasi ukasimama hewani. Akaiunga hiyo hiyo kwenye filamu, bila kumuuliza mtu.

"Je, wakikuuliza?" mwenzake akamwambia.

"Nitasema nimechanganya. Si wananiona kila siku nimechoka?"

Filamu ikaonyeshwa. Askari aliposimama mlangoni na mkewe akatazama chini, ukumbi mzima ulilia, wanaume wakisingizia mafua. Magazeti yakaandika: "Garrec, bingwa wa maneno, amethubutu kunyamaza!" Wenye kumbi wakaanza kuvuka barabara upya, safari hii kumfuata yeye. Na mwandishi wa gazeti alipomuuliza, Anselme wetu alikuna kidevu na kusema, "Ukimya, bwana, ndio mgumu kuuandika."

Kutoka siku hiyo, kila aliposifiwa alikimbilia kuzungumzia hali ya hewa.

Chama cha watu wa filamu kikaamua kutoa medali kwa aliyeubuni ukimya ule. Medali moja, ya mtu mmoja. Wakaandaa chakula cha mchana, na watatu wetu wakawekwa meza moja.

"Bwana Garrec," mwenyekiti akasema, "tueleze ulivyoubuni."

"Ndiyo, tueleze," akasema Berthe, akikata nyama yake. "Na mimi natamani kujua."

Anselme akasimama. Akawaona wenye kumbi wote, akaikumbuka ile aproni. Akafungua mdomo, na maneno, yale maneno yake yasiyoisha, yasije. Akateremsha macho sakafuni.

Watu wakashusha pumzi: jamani, anatuonyesha jinsi alivyoubuni!

Odile peke yake alijua mtu anatafuta nini kule chini. Akaegemea upande wake, akanong'ona, "Kurasa mbili."

"Kurasa mbili," akasema Anselme, na sauti ikamfunguka kama kiatu kilichobana kinapovuliwa. "Pale niliandika kurasa mbili za maneno, mabwana na mabibi. Ukimya sikuuandika mimi. Bibi Odile alisahau, na Bibi Berthe akakataa kutupa. Mimi nilinyamaza tu mliponisifu."

Mwenye ukumbi mkubwa kuliko wote ndiye aliyeanza kucheka, naye Anselme akacheka mpaka akakaa.

Sasa medali iko mezani, katikati ya sahani. Bila Anselme, kiti cha kuvuta kisingekuwapo. Bila Odile, tungesikiliza hotuba mpaka leo. Bila Berthe, ukimya ungekuwa takataka. Haya, nyie mliokaa kimya kama mnashindania medali hii: mnamvisha nani?