Sengondo na Wageni Wake wa Mkia

Sogeeni, wajukuu zangu. Hii ni kale ya kale, milima ya Upare ikiwa bado mibichi na hata mzee kama mimi angeitwa mtoto. Mpo? Kama mpo, itikeni. Kama mmelala, laleni kimya, msinikoromee.

Alikuwepo Sengondo, mtu wa mahindi. Alivuna, akavuna, akavuna tena, na mavuno yote akayamwaga chumbani, ubavuni mwa kitanda, kwa kuwa kujenga ghala nje kulimshinda. Mtu mkubwa hashiki udongo, au sivyo? Panya wakaja. Wakala, wakazaa, wakala tena, na Sengondo akawatazama kwa mapenzi.

"Panya haendi kwa maskini," akawaambia majirani. Nao wakaitikia kwa vichwa, wakala ugali wake, wakamsifu.

Mkewe Nakiete alikuwa anamnyonyesha mtoto wao, Kadeghe. Kila akitaka kufunika chakula, aliambiwa na mumewe kufunika ni uchoyo.

Masika moja panya wakaanza kujifia: mmoja chini ya kitanda, mwingine kando ya mtungi wa maji. Sengondo akawashika mkia kwa mkono mtupu, akawatupa nyuma ya jiko.

"Wamevimbiwa," akasema. Huyo ndiye tabibu, wanangu. Hamjapata kuona.

Siku hizo mkwe hasemi na mkwe uso kwa uso. Basi mama yake Nakiete, Bibi Namvua, alipofika akasimama uani, akamwambia mbuzi:

"Mbuzi, panya wakifa ndani, viroboto wao huhamia kwa watu pamoja na maradhi. Mwambie mwenye nyumba amtoe mwanangu na mjukuu wangu leo hii."

Sengondo naye akamgeukia mbuzi. "Mbuzi, mwambie mama, mimi sihami kwangu kwa ajili ya kiroboto."

Kati ya mbuzi na Sengondo, aliyesikia ni mbuzi.

Haukupita muda, Nakiete akashikwa na homa. Mtoki ukamvimba kwapani kama yai, na mtoto naye mwili ukawaka. Sengondo aliketi kando yao. Nakiete akamtazama, akauliza polepole:

"Baba Kadeghe, nikifa, nani atawapikia wageni wako?"

Sengondo akainuka. Akawachukua wote wawili, akawapeleka kwa Bibi Namvua. Nakiete akapona. Kadeghe hakupona. Majirani waliomsifu Sengondo hawakuonekana mazikoni. Bila shaka walikuwa na shughuli. Sengondo alichimba kaburi peke yake. Lilikuwa dogo, halikumchosha, na hilo ndilo lililomuuma.

Ndipo akarudi nyumbani akafanya kazi. Panya wafu akawafukia kwa jembe, mkono usiwaguse. Malazi akayachoma. Mavi ya panya akayanyunyizia maji kabla ya kufagia, vumbi lisimwingie puani. Akaziba matundu, akafyeka majani, akachimba shimo la taka mbali na nyumba, akasimamisha ghala juu ya nguzo ndefu. Mama mkwe alipopita njiani, hakusema neno, hata kwa mbuzi.

Basi wanangu, panya hali mahindi tu. Anayemfuga humlisha pia kile kisichopandwa tena.

Kisa kimekwisha. Aliyekisikia akafunike chungu. Asiyekisikia, panya watamsimulia.